Kilio Kilichochelewa Kufika

Siku kilio cha Odeta kilipofika nyumbani, mama mkwe wake Esperansia alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. Maganda aliyaweka kando kwa ajili ya mbuzi, ndizi alizitia kwenye karai la maji zisigeuke nyeusi. Pikipiki ikapanda kutoka barabara ya Kabanga, ikasimama uani. Dereva alikuwa peke yake, lakini alikuwa amesogea mbele mpaka juu ya tangi, kama mtu aliyepakia abiria mnene.

"Shikamoo mama. Hapa ndipo kwa Frednand?"

"Marahaba. Ndipo. Umeleta nini?"

"Kilio. Cha mkewe. Nimekikuta kimesimama getini pale kituo cha afya, mlinzi akasema kinaelekea huku. Uzito hakina, ila kwenye mashimo kinapiga kelele, we mama acha tu."

Kilio kikashuka. Hakuna aliyekiona, maana kilio si kitu cha kuonekana, lakini kuku waliokuwa njiani walikipisha. Kikapita kando ya karai, kikaingia sebuleni, kikachagua kiti cha mbao karibu na dirisha, kikakaa. Halafu kikalia. Kilikuwa kilio cha mwanamke anayezaa. Kilianzia chini kama ng'ombe anayemwita ndama, kikapanda mpaka mahali ambapo masikio ya mtu huomba ruhusa ya kuondoka.

Esperansia alisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi.

"Ni chake," alisema. "Na mimi nimewaambia watu wote kwamba hakulia."

Hilo ndilo lililomuudhi. Katika vijiji vile vya Ngara mwanamke anayezaa hapigi kelele. Msichana hufundishwa tangu anapoanza kubeba ndoo: uchungu ukija uma khanga, kaza macho, shika kitanda, lakini sauti isitoke. Sauti ikitoka watasema umezaa kama mbuzi, na ukoo wa mumeo utakukumbusha mpaka unapata wajukuu. Esperansia ndiye aliyemfundisha Odeta upya alipoolewa, asije akaharibu. Na Odeta hakuharibu. Kanisani Esperansia alipokea pongezi za mkamwana wake kama vile yeye ndiye aliyezaa.

Kituo cha afya nacho kina utaratibu wake. Wauguzi ni wachache, wajawazito ni wengi, kwa hiyo hupimwa kwa masikio. Anayelia yuko karibu. Asiyelia bado. Odeta alilala pale tangu asubuhi akiuma khanga mpaka ikatoboka, akaigeuza akauma upande wa pili. Muuguzi alipita, akamtazama, akasema, "Huyu bado, angalia alivyotulia," akaenda kwa wanaolia. Getini mlinzi alimwambia Frednand kwamba mkewe ni mwanamke wa kuigwa, hasumbui mtu. Frednand akaenda kunywa chai kifua mbele. Aliyegundua ni mama wa usafi. Alikuja kupiga deki chini ya kitanda, akaona kwamba anachokisukuma si maji.

Mtoto alitolewa akiwa wa bluu, akapigwa makofi mpaka akabadili rangi. Odeta alipelekwa hospitali kubwa ndani ya gari la wagonjwa, hajitambui. Alipozinduka alikuta ameshonwa. Hakuna aliyemwambia ameshonwa nini.

Alipoletwa nyumbani watu walikuja wengi. Kila aliyeingia alisema, "Shukuru Mungu, mama mzima, mtoto mzima." Odeta akajibu, "Nashukuru." Wala hakuna aliyeuliza zaidi, kwa sababu swali lilikuwa limeshajibiwa na mwulizaji.

Lililobaki lilikuwa moja tu. Odeta hakuweza kumshika mtoto. Akipewa, mikono ilifunguka yenyewe kama mlango usio na komeo, na mtoto aliponea mapajani. Kunyonyesha, alinyonyesha, lakini mtoto alishikwa na Esperansia, ziwa upande huu, mtoto upande huu, bibi katikati. Na siku ya kumtoa mtoto nje ilikuwa inakaribia. Siku hiyo mama humpitisha mwanawe mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, jua limwone, apewe jina. Ambaye mama yake hajamtoa hana jina, na asiye na jina akiugua hujui unamwombea nani. Walikuwa wameshaiahirisha mara mbili. Mtoto aliitwa Yule.

Kilio kilipolia mara ya pili, majirani walikuja na kuni na unga, kama inavyopasa. Wa kwanza alikuwa Minani, mti mzima wa msonobari begani.

"Poleni. Nani kafa?"

"Hajafa mtu," alisema Esperansia. "Ni kilio cha uzazi. Kimechelewa njiani."

"Aa," alisema Minani. "Hii barabara mbaya."

Akatua mti, akakaa. Kuni zimeshaletwa, huwezi kuzirudisha. Wakala maharage, wakazungumzia mvua, na kilio kilipoanza tena walingoja kimalize kama watu wanavyongoja lori lipite, wakaendelea.

Frednand aliporudi jioni alisimama mlangoni akakisikiliza.

"Kinakaa mpaka lini?"

"Hakijasema," alijibu mama yake.

Frednand hakuwa mtu mbaya, na hili lisemwe. Alikuwa anapeleka ndizi Nyakanazi kwa Fuso, kwenye njia panda pale malori yanapolala. Alinunua redio kubwa zaidi, kilio kikalia juu ya redio. Akaanza kulala hukohuko Nyakanazi, akisema biashara imechanganya. Odeta alikaa mkekani akitazama mikono yake.

Kilio kilikuwa na tabia moja ambayo Esperansia aliitambua upesi. Mtu akisema "shukuru Mungu mtoto mzima," kililia. Padri alilisema hilo, kikamlilia padri. Mtoto mwenyewe alikuwa mkimya, kama mtu aliyeona kazi imeshachukuliwa.

Mwisho Esperansia alivaa kitenge cha kanisani akakirudisha kilio kituo cha afya. Aliona ni mali yao, wao ndio waliokikataa. Walikwenda kwa miguu, yeye mbele, kilio nyuma, na watu waliokutana nao walisalimia wote wawili.

Muuguzi alikuwa hajatoka zamu tangu jana, macho mekundu.

"Mama, kilio hiki kilitakiwa siku ile. Angekitoa siku ile tungemhudumia. Sasa nikipokee nikifanyeje? Hakuna mgonjwa ndani yake."

Ndani ya wodi msichana alikuwa anapiga mayowe, na sauti nyingine ikamkemea, "Nyamaza! Wakati unaitafuta hiyo mimba mbona hukulia?"

"Na huyo mbona anagombezwa?" aliuliza Esperansia.

"Anatusumbua."

"Na yule pale ukutani, aliyenyamaza?"

Muuguzi aligeuka akamtazama. "Yule bado."

Esperansia alilipima jambo hilo. Alikuwa mtu wa kutaka kuelewa.

"Sasa mwanamke alie kiasi gani?"

"Kiasi," alisema muuguzi, akaondoka mbio, maana alikuwa anaitwa.

Esperansia alimsogelea yule wa ukutani, akainama. "Lia, mwanangu," alimwambia. Msichana akatikisa kichwa. Mdomoni alikuwa na pindo la khanga. Mlinzi akaja kusema muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.

Walirudi nyumbani kama walivyokwenda. Lakini usiku ule kilio hakikukaa kwenye kiti chake. Kesho yake asubuhi kilipanda basi.

Nyakanazi, Frednand alikuwa amekaa kwenye benchi la mamantilie aitwaye Raya, binti wa Waswahili waliokuja kufanya biashara na wakasahau kurudi Tanga. Alikuwa na ugali na sato mbele yake. Benchi likazama kidogo upande wa pili, na kilio kikalia, kirefu, mpaka madereva wa malori wakanyamazisha injini wakidhani breki za mtu zimeshika.

Raya alipangusa meza mbele ya nafasi ile tupu. "Kaka, mgeni wako hali chakula?"

"Si mgeni. Ni kilio cha mke wangu."

"Ehe. Kina muda gani?"

"Tangu mtoto azaliwe. Mwezi na kitu."

"Basi bado kichanga," alisema Raya. "Na wewe unakiacha kisafiri peke yake kwenye mabasi haya? Mwanaume mzima. Mke wako anasemaje?"

"Hasemi."

"Ulimwuliza?"

Frednand alichambua miba ya samaki. Aliichambua mpaka samaki akaisha na ikabaki miba peke yake.

"Haya, kula ukimaliza ukipeleke nyumbani," alisema Raya. "Na hapa usikae tena leo. Wateja wangu wanataka kusinzia."

Frednand alirudi na basi la mchana. Alikata tiketi mbili bila kubishana, kwa sababu kondakta naye aliona kiti kimejaa. Alimkuta Odeta anapukuchua maharage. Akakaa chini, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu msimu wa mvua.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

"Nini?"

"Siku ile. Sijakuuliza."

Odeta aliendelea kupukuchua. Alianza kusimulia kwa sauti ya mtu anayeeleza mnada wa Nyakahura ulivyokwenda, nani alikuwepo, nani alipita. Alieleza khanga. Alieleza viatu vya muuguzi, kwamba alivijua kwa mlio vikija na vikiondoka, na kwamba vya kuondoka vilikuwa vingi zaidi. Alipofika kwenye damu Frednand alifungua mdomo, na neno lililokuwa linatoka ni lile lile, tushukuru Mungu. Kilio kikavuta pumzi. Frednand akafunga mdomo. Kilio kikaitoa pumzi taratibu, kikatulia.

Esperansia aliacha moto wake akaja kukaa kizingitini.

Odeta alisimulia siku ile, akasimulia tena kesho yake na siku zilizofuata. Habari ilikuwa moja lakini kila mara ilikwenda mbele hatua moja zaidi, kama mtu anayeingia mtoni. Kazi zilichelewa, mbuzi walilalamika. Minani alipopita aliambiwa akae au aende, akakaa.

Hatua ya mwisho ilikuwa hii. "Nilijua nakufa," alisema Odeta. "Basi nikamwachia. Nikamwambia, nenda mwanangu, mimi nabaki. Nilimuaga kabisa. Sasa nikimshika naona kama nimeiba mtoto wa mtu."

Hakuna aliyelia, wala kilio chenyewe.

"Mimi nilikuwa nakunywa chai," alisema Frednand.

"Najua."

"Na maandazi."

"Hayo sikuyajua," alisema Odeta, na pembe ya mdomo wake ikasogea. Minani alitazama paa. Esperansia alipiga chafya ambayo haikuwa chafya, na Frednand akaficha uso kwenye fulana yake, mabega yakitikisika, haikujulikana kwa kicheko au kwa nini.

"Nileteeni huyo Yule," alisema Odeta.

Esperansia alimleta. Mikono ya Odeta ilifunguka, kama kawaida. Esperansia hakumwachia mtoto, akangoja. Frednand akaweka mikono yake chini ya mikono ya mkewe. Walishikilia hivyo, mikono sita kwa mtoto mmoja, mpaka bibi akatoa ya kwake, baadaye sana Frednand akatoa ya kwake, na ile miwili iliyobaki haikufunguka. Mtoto alitazama juu, akaona sura ambayo siku zote aliiona kwa pembeni, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Kilikuwa kilio kidogo, cha njaa tu. Kile kikubwa kilihama kutoka kwenye kiti kikakaa mkekani pamoja nao.

Wakamtoa mtoto nje. Watoto wa jirani walipewa majembe madogo wakaenda kulima kipande cha maharage, wakarudi na udongo magotini, wakala ndizi kwenye ungo mmoja kama desturi inavyotaka. Odeta alivuka kizingiti, mtoto kifuani, jua likamwona. Wakamwita Ineza. Kilio nacho kilitengewa chakula, na Minani akakila, akisema ni vibaya chakula kupoa.

Wakati wanakunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, kitu kilikohoa migombani. Kilikuja polepole kikipumzika kila mgomba, kikapita katikati ya wageni, kikasimama nyuma ya Esperansia. Kilikuwa kilio kingine, cha zamani sana, kimekauka, sauti imebaki kama ya mlango wa kabati.

"Hicho nacho cha nani?" aliuliza Frednand.

"Changu," alisema mama yake, bila kugeuka. "Cha yule wa kabla yako."

Frednand alikuwa ameishi miaka yake yote akijua yeye ndiye wa kwanza.

"Alikuwa msichana," alisema Esperansia. "Sikupiga kelele. Mama mkwe wangu alinisifu mpaka anakufa."

"Aliitwa nani, mama?" aliuliza Odeta.

"Hakutolewa nje."

Odeta alisimama, Ineza begani, akaingia sebuleni, akavuta kiti cha pili karibu na dirisha, akakipangusa kwa kiganja. "Karibu," alikiambia kile kilio. Kikaingia ndani. Tangu hapo walikuwa wawili, kimoja kikilia kingine kikikohoa, na kukiwa na mvua vilikaa kimya vikisikiliza mabati.

Habari hizi zikaenea. Wanawake wengine wakaanza kutazama migombani kwao. Haukupita muda vilio vikawa barabarani kila siku ya mnada, vya zamani na vya juzi, na vingine vilirudi moja kwa moja kituo cha afya na kujipanga getini. Wagonjwa walishindwa kupita. Mwenyekiti wa kijiji aliandika, wakubwa wakaja na magari, wakasikiliza vilio kwa makini, mmoja akasema jambo hili limewagusa sana. Wakauliza tatizo ni nini.

"Wauguzi ni wachache," alisema muuguzi mwenye macho mekundu.

"Mwanamke akinyamaza anaachwa, akilia anatukanwa," alisema Odeta.

Wakubwa walishauriana kando ya gari. Ikaonekana tatizo ni vilio kukosa mahali pa kukaa. Wakajenga kibanda karibu na geti, kizuri, bati jipya, mabenchi pande zote, rangi ya samawati. Siku ya kukizindua utepe ulikatwa, na mgeni rasmi akasema kwamba sasa huduma ya vilio imesogezwa karibu na wananchi. Watu wakapiga makofi. Vilio vikaingia vikakaa.

Mwezi uliofuata Clarisse, mdogo wake Frednand, akafikia siku zake. Odeta na Esperansia walikuwa wamemwandaa. Walimpeleka kwenye shamba la mihogo wakamfundisha kupiga kelele.

"Naona aibu, wifi," alisema Clarisse.

"Aibu haishonwi. Mimi nimeshonwa. Piga tena."

Akapiga mpaka kunguru wakahama. Esperansia, aliyefundisha ukimya maisha yake yote, alisimama na mkono kiunoni akisema, "Bado, toa tumboni, hiyo ni ya shingoni." Wenye binti wajue kwamba hayo yote yalifanyika, na yalifanyika vizuri.

Clarisse alipopokelewa wodini alilia kama alivyofundishwa. Muuguzi alikuja mara moja. Alikuwa mpole, alikuwa ameenda semina.

"Vilio siku hizi vinasubiri kibandani, dada," alisema. "Ndiyo utaratibu mpya." Akamwita mlinzi. Mlinzi akakichukua kilio cha Clarisse, akakitoa nje, akakiongoza mpaka kwenye benchi. Clarisse alibaki kitandani mdomo wazi, hakuna kitu kinachotoka.

Odeta aliingia ndani. "Wifi yangu analia," alisema. "Kilio chake mmekitoa nje, lakini analia."

"Kikitulia tutamwangalia," alisema muuguzi.

"Hakitatulia. Mtazame sasa."

"Wewe ni daktari?"

"Nimezalia hapa."

"Basi unajua nafasi hakuna," alisema muuguzi. Alimtazama Clarisse kwa mbali, akaona alivyo kimya, akaenda kwa aliyekuwa anatapika. Odeta alimfuata. Alimfuata tena. Mara ya tatu mlinzi alimshika kiwiko, kwa heshima, akamtoa. Esperansia alikaa chini ya dirisha la wodi, nje, akipiga ukuta kwa kiganja na kuita jina la binti yake ili ajue wapo. Frednand alikuwa amekwenda mbio kutafuta gari la kuwapeleka hospitali kubwa, na hakwenda kunywa chai.

Odeta aliingia kibandani. Kilio cha Clarisse kilikuwa kimekaa pembeni, kipya, kikali, hakijui mtu. Alikaa karibu nacho. Alimfungua Ineza mgongoni akampa ziwa, na mikono yake ilikuwa imara. Akaanza kukisemesha kile kilio polepole, akikiambia kwamba mama yake, Clarisse, yuko pale ndani, yuko hai, watu wanapiga ukuta.

Mlinzi alichungulia mlangoni.

"Mama, hapa ni pa vilio. Watu wanakaa kule chini ya mti."

"Najua," alisema Odeta, akasogea kidogo kwenye benchi, maana nyuma ya mlinzi kilio kingine kilikuwa kinaingia.